Jina la Kiendeshi cha Feni

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini maana wote nitakaowataja bado wapo na wanakula ugali wao, palikuwa na mwalimu aliyeipepea kompyuta kwa ungo.

Mwalimu huyo aliitwa Yudita. Mfupi, mnene kidogo, sauti yake ya kumwita mwanafunzi kutoka ng'ambo ya uwanja bila yeye kunyanyuka kitini. Alifundisha katika shule ya wasioona ya mji wa Mtumbulu, bara ndani kabisa, mahali ambapo mwezi wa tisa jua huchoma hata mbuzi husimama wameelekeza nyuso ukutani. Na juu ya kufundisha, Yudita ndiye aliyekuwa mlinzi wa chumba cha uchapaji.

Katika chumba hicho palikuwa na mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vidutu ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole. Mashine ilikuwa nzito kama jiko la shule, na ikichapa ilitwanga karatasi taka-taka-taka mpaka madirisha yakatetemeka. Ilikuwa ya zamani. Iliongea na kompyuta moja tu, ya zamani vilevile, kwa sababu waya wake uliingia kwenye kadi ambayo haikukubali kukaa ndani ya kompyuta nyingine yoyote. Walishajaribu. Kompyuta mpya hazikuwa hata na tundu la kuichomeka.

Sasa mwaka huo vitabu vya kidato cha nne vilibadilishwa. Vilikuja kwa namna mpya ambayo mfumo wa zamani wa kompyuta haukuweza kuifungua. Wanafunzi tisa wa kidato cha nne walikuwa wanangoja vitabu, na mtihani ulikuwa Novemba. Yudita akamwita Elikana.

Elikana alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, fundi wa simu karibu na stendi, aliyejifunza kompyuta mwenyewe kwa kuzifungua na kuzifunga. Akaja, akaondoa mfumo wa zamani, akaweka mpya, ule wa bure ambao mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuufungua ndani na kuutengeneza. Vitabu vikafunguka. Mashine ikatwanga. Yudita akampigia makofi.

Ukurasa wa kumi na nne, kompyuta ikazima. Wakaiwasha. Ukurasa wa kumi na mbili, ikazima. Wakaiwasha tena. Ukurasa wa tisa, ikazima.

Elikana akaweka kiganja juu ya bati lake, akakitoa haraka. "Inawaka moto, Mwalimu. Feni inazunguka kivivu. Joto linapanda, feni haijali, kompyuta inaona bora ijizime kuliko iungue."

"Mbona zamani haikuwa hivyo?"

"Zamani mfumo ulijua kuongea na feni." Akavuta kiti, akamweleza polepole. Kila mfumo una kiini chake, na kiini hicho hakijui lugha ya vyuma. Kwa kila kipande cha chuma kinahitaji kiendeshi, maandishi maalumu yanayokaa ndani ya kiini na kukiambia: chipu hii ukitaka kujua joto isome hapa, feni hii ukitaka ikimbie iamuru pale. Chipu inayosimamia joto na feni katika kompyuta hii ilikuwa kijipande cheusi, kidogo kuliko ukucha, na kiwandani hawakuiandika hata herufi moja mgongoni. Haina jina, haina karatasi, na duniani kote hakuna aliyewahi kuiandikia kiendeshi cha mfumo huu mpya.

"Basi iunge hiyo feni moja kwa moja kwenye umeme, izunguke mpaka ichoke."

Elikana akajaribu. Kompyuta ikakataa kuwaka kabisa, maana isipoihisi feni mahali pake haiamki. Wakaleta feni ya mezani kutoka ofisini. Ikapuliza vumbi la Septemba likaingia ndani, ikabidi wasafishe siku nzima kwa brashi.

Kesho yake asubuhi Yudita akaja na ungo wa jikoni kwake. Akafungua bati la kompyuta, akatundika khanga iliyolowa mbele yake, akaketi kwenye kigoda, akapepea. Akapepea, akapepea. Upepo ukapita kwenye khanga, ukapoa, ukaingia ndani. Kurasa arobaini zikatoka kabla kompyuta haijazima. Mkono wa kulia ukichoka akahamia wa kushoto.

"Wewe kaandike hicho kiendeshi," akamwambia Elikana bila kuacha kupepea. "Mimi nipo hapa."

*

Elikana akaanza. Ndani ya chipu ile, alisema, mna vyumba mia mbili hamsini na sita, na kila chumba kina namba. Kusoma namba hakudhuru kitu. Akasoma vyote, siku tatu, akakipata chumba cha joto, kwa sababu Yudita akipepea namba yake ilishuka, na akipumzika ilipanda. Lakini chumba cha kuiamuru feni hakijulikani kwa kusoma. Lazima uandike namba ndani yake uone feni itafanya nini. Na hapo ndipo hatari ilipokuwa.

"Vyumba vingine vinashika umeme wenyewe," akasema. "Nikiandika namba mahali pabaya, naiua. Na Mwalimu, hii ndiyo kompyuta pekee mliyo nayo. Siwezi. Mkono wangu unakataa."

Yudita hakumlaumu. Alimtazama tu, akaona jinsi alivyokonda tangu kazi ianze. Kisha akakumbuka kwamba kompyuta ile haikuja mjini peke yake. Miaka mingi nyuma zilikuja mbili katika shehena moja, pacha kabisa, na ya pili ilikuwa sokoni kwa rafiki yake Damari.

Damari alikuwa mjane, mama wa watoto watatu, mchapaji. Barua za kuomba kazi, ratiba za misiba, katiba za vikundi vya akina mama, mji mzima ulichapiwa na Damari, kwa kompyuta ile moja kwenye kibanda cha bati nyuma ya wauza vitunguu. Yudita akaenda, akamkuta anapiga ratiba ya mazishi, akangoja amalize.

"Damari, nimekuja kuomba kitu ambacho nikinyimwa sitakasirika."

"Umeanza vibaya, dada. Sema."

Yudita akasema. Hakuficha. Alimwambia kwamba inaweza kufa.

Damari akafuta kioo cha kompyuta kwa upande wa khanga, kama mtu anavyomfuta mtoto pua. "Wanafunzi wangapi?"

"Tisa."

"Njoo na toroli kesho, nimalize kwanza ya marehemu huyu."

Kompyuta ya Damari ikaja, ikawekwa kwenye meza ya pili chumbani. Elikana akaketi mbele yake. Shida ikawa nyingine: feni ikibadilika kidogo, nani atajua? Chumba cha kuonyesha mwendo wa feni kilikuwa kimekufa katika kompyuta zote mbili, kinaonyesha sifuri tu. Na kwa macho, feni inayozunguka ni feni inayozunguka.

Sauti ikatoka kona ya chumba. "Mimi nitajua."

Alikuwa Mwajabu. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, asiyeona tangu utotoni, mwanafunzi wa zamani wa Yudita, na sasa ndiye msahihishaji wa shule: kila ukurasa uliotoka kwenye mashine ulipita chini ya vidole vyake. Alikuwa ameketi hapo siku zote hizo akisahihisha, na hakuna aliyemwuliza chochote.

"Utajuaje?" Elikana akauliza.

"Kwa kusikia."

Elikana akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akabonyeza kitufe kimoja kwa nguvu. "Haya, sasa imepanda au imeshuka?"

"Hujaandika kitu," Mwajabu akasema. "Umegonga tu."

Elikana akaacha kucheka. Akavuta kiti kingine, akamweka Mwajabu karibu na feni.

Wakaanza. Chumba cha kwanza: Elikana akaandika, wakahesabu mpaka thelathini, Mwajabu akasikiliza. "Hakuna." Chumba cha pili: akaandika, wakahesabu, akasikiliza. "Hakuna." Huku Elikana anaandika na Mwajabu anasikiliza, kule Yudita anapepea na mashine inatwanga. Ikawa hivyo siku ya kwanza, ikawa hivyo ya pili, ikawa hivyo mpaka ya sita. Ili Mwajabu asikie vizuri, Yudita aliisimamisha mashine kila Elikana alipoinua kidole, kisha akaiachia. Kazi ya saa moja ikawa ya saa tatu, na hakuna aliyelalamika. Saa sita mchana Damari alikuja kuwatazama, na mara nyingi alikuja na birika la chai.

Chumba cha tisini na nne. Elikana akaandika.

"Imepanda!" Mwajabu akasimama. "Imepanda, imepanda kidogo, kama mtu aliyevuta pumzi!"

Wengine hawakusikia kitu. Elikana akaandika namba kubwa zaidi, na hapo wote wakasikia: feni ikanguruma. Yudita akaacha ungo, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, kichwa cha Elikana kikagonga cha Mwajabu. Wakacheka. Kisha feni ikashuka.

Wakaandika tena. Ikapanda, ikashuka. Chipu ilikuwa inaitii amri sekunde chache tu halafu inarudia tabia yake. Palikuwa na chumba kingine, Elikana alisema, chumba cha ruhusa, ambacho bila hicho amri haikai. Kila mara, basi, ataiamuru feni kwanza, aandike kwenye chumba kipya, na wasikilize kama itashuka.

Wakaendelea. Mia moja na kumi. Hakuna. Mia moja na kumi na tano. Hakuna. Mia moja na kumi na sita. Mia moja na kumi na saba.

Pakatokea mlio mwembamba, halafu mlipuko mdogo, halafu moshi. Elikana akarukia waya. Yudita akarukia ndoo ya mchanga. Damari alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni na birika lake, akaliweka chini taratibu, akasimama akiutazama moshi unavyotoka kwenye kitu kilichokuwa kinawalisha wanawe.

Ndipo Mwajabu akasema, na sauti yake ilitetemeka, "Feni haikushuka."

"Nini?"

"Tangu mia moja na kumi na sita. Inachelewa kushika, ndiyo maana hatukujua. Lakini kabla hujaiamuru tena kwa ajili ya kumi na saba, feni ilikuwa bado iko juu. Ilibaki juu mpaka ilipokufa. Elikana, ruhusa iko kumi na sita."

Elikana akaandika namba mbili kwenye kiganja chake kwa kalamu, tisini na nne, mia moja na kumi na sita, na chini yake akaandika namba ya tatu akaikata kwa mstari mwekundu. Kisha akageuka kumtazama Damari, akashindwa kumtazama.

Damari akaokota birika. "Chai itapoa," akasema.

*

Namba mbili si kiendeshi. Elikana aliandika wiki tatu. Aliandika asubuhi kabla ya kufungua banda lake, aliandika wakati wa wateja, aliandika hata wateja walipoanza kwenda kwa fundi mwingine. Kiendeshi kilipaswa kusoma joto kila sekunde, kiamue feni ikimbie kiasi gani, kikumbuke kuomba ruhusa kwanza, kisikiguse kamwe chumba kile cha mstari mwekundu, na kikichanganyikiwa kwa lolote kiachie feni mwendo wote. Mara kumi na moja alikileta, mara kumi na moja hakikufanya kazi. Yudita alipepea. Bega lake la kulia lilianza kuuma, akalipaka mafuta, akapepea.

Mara ya kumi na mbili Elikana akapakia kiendeshi, akarudi nyuma hatua mbili. "Mwalimu, weka ungo chini."

"Nina kurasa ishirini mkononi, mwanangu."

"Weka chini."

Yudita hakutaka. Mkono wake wenyewe haukutaka, ulishazoea. Mwajabu akaja akaupapasa, akaushika, akautuliza mapajani pa mwalimu wake. Wakakaa hivyo. Mashine ikatwanga. Joto likapanda, namba zikaonekana kwenye kioo: hamsini na nane, sitini na moja, sitini na nne.

"Inapanda," Mwajabu akanong'ona. "Sikilizeni. Inapanda yenyewe."

Feni ikanguruma, bila mtu kuigusa. Sitini na tatu. Sitini. Hamsini na saba. Na joto liliposhuka, feni nayo ikapunguza, polepole, kwa adabu. Yudita akalia kilio cha kukohoakohoa, akasingizia vumbi.

Vitabu tisa vikakamilika tarehe ishirini na tano Oktoba. Wale wanafunzi tisa walivipokea kwenye madawati yao, na darasa zima likawa kimya isipokuwa sauti ya vidole vikipita juu ya karatasi. Mtihani ukaja, wakaufanya.

Damari naye alikuwa ametoa kabatini taipureta ya marehemu mama mkwe wake. Ilikuwa haina herufi R. Aliandika ratiba za misiba, kisha akajazia kila R kwa kalamu.

*

Baada ya mitihani Elikana akapeleka kiendeshi chake kwa walinzi wa kile kiini cha mfumo, watu wa mbali ambao hupokea kazi za mafundi wa dunia nzima, huzipekua, na zikifaa huziweka ndani, ili kila kompyuta itakayotumia mfumo ule izaliwe nazo. Wakamrudishia. Akasahihisha. Wakamrudishia tena, safari hii kwa sababu ya nafasi alizoacha kati ya maneno. Akasahihisha. Wakamrudishia mara ya tatu. Mara ya nne wakakubali, na barua yao Elikana aliitafsiri kwa sauti katika chumba cha uchapaji, Jumamosi alasiri, Yudita, Damari na Mwajabu wakimsikiliza.

"Kazi yako ni safi, na tumegundua kuna kompyuta nyingi duniani zenye chipu hii ambazo zimekuwa zikiungua. Kwa kawaida kiendeshi huitwa kwa jina la chipu. Hii haina jina. Kwa hiyo chagueni nyinyi. Neno moja, fupi. Likishaingia halibadilishwi, maana kompyuta zote zitakiita kwa jina hilo. Tunalihitaji Jumatatu."

Elikana akasema, "Tuunganishe majina yetu."

Wakajaribu. Elidamwaja.

"Hiyo ni dawa ya minyoo," Damari akasema, wakacheka mpaka Mwajabu akashika mbavu.

"Basi jina la shule," Yudita akasema.

"Shule haikuungua," akajibu Damari. Alikuwa ameacha kucheka. "Mimi ninalitaka jina hilo. Msinitazame hivyo, nasema wazi. Elikana bado ana mikono yake. Mwajabu bado ana masikio yake, Mungu amzidishie. Mimi nilichotoa hakikurudi. Mlitumia kitu changu kama njia, mkapita juu yake mkafika. Sijawadai, na siwadai. Lakini kitu changu kilikufa, na kama kuna jina litakalobaki ndani ya kompyuta za watu, liwe Damari. Nikipiga taipureta ile isiyo na R nitajua kwamba mahali fulani, kwenye baridi huko, mashine inaniita."

Elikana akainamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Mama, nakuheshimu, na ukitaka kesho nitakuja nikufagilie kibanda. Lakini kompyuta ingeweza kuungua na kisizaliwe kitu. Namba mbili kwenye kiganja changu hazikuwa kiendeshi, zilikuwa wino. Nimeandika mistari mia sita na kumi na mbili. Mara kumi na moja nilishindwa na sikuacha. Wateja walinikimbia. Watu wale walinirudishia mara tatu, na mara zote tatu nilitaka kutupa yote mtoni. Ukifungua kiendeshi kile ndani, kila herufi ni yangu. Mtu akijenga nyumba kwa mikono yake, isiitwe yake?"

"Ungejenga juu ya nini?" Mwajabu akauliza. Hakupandisha sauti. "Chumba cha tisini na nne, nani alikisikia? Chumba cha mia moja na kumi na sita, nani alikisikia? Siku ya moshi nyote mlitazama moshi. Mimi peke yangu niliisikiliza feni. Bila hivyo kompyuta ya mama huyu ingekufa bure, na mistari yako mia sita isingekuwapo hata mmoja. Elikana, maisha yangu yote watu wananishika mkono kunivusha barabara, hata nisipotaka kuvuka. Siku zile mimi ndiye niliyewashika nyinyi mkono. Nataka jina langu liwe pale ili ijulikane."

Yudita aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alimwona ana haki. Hilo ndilo lililomuuma. Aliwapenda kwa namna tatu tofauti: mmoja kama dada, mmoja kama mwana, mmoja kama mtu aliyemfundisha herufi ya kwanza.

Elikana akasema, "Kuna jambo sijalisema." Akamgeukia Damari. "Tulikubaliana kuhesabu mpaka thelathini kila chumba. Siku ile, kwenye mia moja na kumi na sita, nilihesabu mpaka tano. Kuna mteja alikuwa ananingoja bandani. Ningesubiri, tungesikia feni imeshika, nisingefika kumi na saba. Mama, niliiua mimi."

Mwajabu ndiye aliyejibu. "Hukuiua peke yako. Nilisikia mluzi mwembamba ndani yake, kama vyumba viwili kabla. Haukuwa wa feni. Asubuhi ile nilikuwa nimekosea mara mbili, nikaona aibu kusema kitu nisicho na hakika nacho. Nikanyamaza."

Wote wawili wakamngoja Damari awakasirikie. Damari akajifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, na ilichukua muda kujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya vyote.

"Wajinga nyinyi," akasema. "Mluzi ule niliusikia tangu mwezi wa tano. Fundi aliyeifungua alinionyesha kipande kimevimba ndani kama tumbo la chura. Akaniambia mama, hii haimalizi mwaka. Ningewaambia, mngekataa kuichukua. Nikaona kama itakufa, basi ife na kazi."

Mwajabu akanyoosha mkono hewani, Damari akaudaka. Elikana akaja akapiga magoti mbele yao, Damari akampiga kofi dogo la kisogoni, la mama.

Kisha Damari akasema, "Lakini jina bado nalitaka."

"Mimi pia," akasema Mwajabu.

"Na mimi," akasema Elikana, na safari hii alitabasamu. "Lakini kuna mtu hajasema neno. Mwalimu, ulipepea wiki sita. Bila wewe kompyuta ya shule ingekufa tukiwa bado tunatafuta, na vitabu vingesimama. Na wewe ndiye uliyetukusanya."

"Mimi ni mlinzi wa chumba. Nilikuwa kazini," Yudita akasema haraka, akajishughulisha na karatasi zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Na bega je?" Damari akauliza. Yudita akahamishia karatasi mkono wa kushoto.

Ndipo wote watatu wakakubaliana jambo moja, na ndilo pekee walilokubaliana siku ile: Yudita achague. Atakaloandika, hakuna atakayenuna.

Jumapili Yudita alikaa kanisani bila kusikia mahubiri. Akimfikiria Damari, aliona R zile za kalamu, akasema moyoni, ni yake. Akimfikiria Elikana, aliona zile mara kumi na moja, akasema, ni yake. Akimfikiria Mwajabu, alisikia ile sauti inayotetemeka katikati ya moshi, akasema, basi ni yake. Aliporudi nyumbani alijaribu kupima makosa badala ya mema. Mmoja aliharakisha, mmoja alinyamaza, mmoja alificha. Akaona makosa yenyewe yalikuwa na upendo ndani yake, isipokuwa labda moja, na akashindwa kuamua ni lipi.

Jumatatu asubuhi walikuja wote. Damari alifunga kibanda chake, Elikana alifunga banda lake, Mwajabu aliacha kurasa mezani. Mashine ilikuwa inatwanga vitabu vya kidato cha tatu. Elikana akafungua barua ya majibu kwenye kioo, akaandika salamu, akaandika shukrani, akafika mahali pa jina, akainuka kwenye kiti. Yudita akakaa. Akaweka vidole juu ya herufi. Nyuma yake walisimama watatu.

Haya, ndugu zangu, nanyi mmesikia yote aliyoyasikia Yudita, hata yale ya bega. Yuko aliyesikia, yuko aliyeandika, yuko aliyepoteza, na yuko aliyepepea. Neno ni moja na halibadilishwi. Msiniambie yote ni sawa, maana watu wa mbali wanangoja.

Je, nani alistahili?